Mtafsiri wa Filamu Isiyo na Ngumi

Hakujua Kichina hata neno moja, na kwa miaka zaidi ya kumi alitutafsiria Kichina. Sisi tuliokulia katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, tulimwita Mtafsiri, na hadi leo nikitaka kumtaja kwa jina lililo kwenye vitambulisho vyake inanibidi nifikiri kwanza. Watoto wetu waliozaliwa Louisville, Marekani, walidhani hilo ndilo jina la ukoo wake. Nataka kumwelezea kama nilivyomjua, na itanibidi nieleze pia nilichomfanyia. Nimewahi kujaribu kusimulia habari zake bila kuifikia sehemu hiyo, na kila mara nimejikuta naharakisha, kisha nabadilisha mazungumzo.

Kambini kulikuwa na kibanda cha video. Kuta zake zilikuwa matete na turubai, mabenchi yake mbao zilizopigiliwa juu ya vigingi, na nje jenereta lilinguruma kiasi kwamba waliokaa nyuma walisikia nusu tu ya maneno. Filamu zilitufikia katika lugha tusizozijua, na Jumapili mchana, baada ya ibada, Mtafsiri alisimama kando ya runinga na kipaza sauti mkononi akazigeuza zote kuwa Kiswahili. Alitoa sauti za wanaume, za wanawake, za vichanga. Nakumbuka siku moja alimpa sauti farasi wa kwenye filamu, akawa analalamika kwamba mgao wake wa mahindi umepunguzwa tena. Watu wazima walicheka mpaka wakafuta machozi, maana wiki ile mgao wetu ulikuwa umepunguzwa.

Alikuwa na tai moja ya kahawia, na hakushika kipaza sauti bila kuivaa. Kambi nzima ilikuwa vumbi na kandambili, yeye akasimama kibandani na tai kama karani wa benki. Alikuwa mtu wa kununa pia. Ukitoka nje filamu ikiwa katikati, hata kama umeitwa nyumbani, hakukusalimia wiki nzima. Msimulizi mwingine alipoanza kazi kama yake upande wa pili wa kambi, Mtafsiri alikwenda kumsikiliza, akarudi akasema, "Yule anapiga kelele tu," na hakuna aliyemsikia akimtaja tena.

Filamu iliyomfanya ajulikane ilifika kwa bahati. Fundi mmoja wa Kichina aliyekuwa akijenga barabara karibu na Kasulu alimaliza mkataba wake, akamwachia mpishi wake boksi la diski, na mpishi akamletea Mtafsiri. Karibu zote zilikuwa za ngumi na mateke. Moja haikuwa na ngumi. Ilikuwa ya zamani, rangi zimepauka, na kuanzia mwanzo hadi mwisho watu walikuwa ndani ya mgahawa wa chai wa mtaani, wakinywa, wakibishana, wengine wakiondoka na wengine wakiingia. Mwenye mgahawa alianza akiwa kijana na kumaliza akiwa mzee. Serikali zilibadilika huko nje, askari wakaja na sare hizi na baadaye na sare zile, na yeye aliinamia kila aliyeingia akammiminia chai.

Jumapili ya kwanza vijana walizomea. Walitaka ngumi. Mtafsiri aliwaambia kwa utulivu kwenye kipaza sauti, "Subirini. Huyu mwenye chai anakaribia kukasirika." Basi wakasubiri. Kila askari alipomdhulumu, Mtafsiri alisema, "Bado kidogo," na saa mbili zikapita, yule mtu hajakasirika. Filamu ilipokwisha, vijana walewale waliomba irudiwe Jumapili iliyofuata.

Katika maneno ya Mtafsiri, mwenye mgahawa aliitwa Bwana Birika. Wazee wawili waliokaa kwenye kona walikuwa wakibishana kuhusu ubao wa majina, ule uliobandikwa orodha ya watakaopelekwa Marekani: mmoja alisema jina lake limeandikwa vibaya, mwenzake akamwambia hata hilo vibaya ashukuru. Askari walikuwa mgambo wakitafuta waliotoka kambini bila kibali. Mtu aliyepita mezani akipanga ndoa za watu alikuwa mshenga kutoka Kibondo. Nilikuwa na miaka saba, na niliamini kwa moyo wote kwamba huko China watu wanaongea habari za ubao wa majina.

Mwishoni Bwana Birika, sasa mzee, anabaki peke yake. Anatazama meza zake, anazunguka, anaingia chumba cha ndani. Hapo Mtafsiri alishusha sauti na kusema kila mara maneno yaleyale: "Anakwenda kulala kidogo. Amechoka. Kesho asubuhi atachemsha maji." Kisha alizima runinga kabla maandishi ya Kichina hayajaanza kupanda, na watu wakainuka polepole, wakikung'uta nguo, kama watu waliotoka kumtembelea jamaa.

Mlangoni mwa kibanda aliuza maandazi mama mmoja jirani yetu. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uleule; sisi watoto tuliambiwa ni malaria. Mwanzoni alikaa nje na beseni lake. Baadaye akawa anaingia, anakaa benchi la pili karibu na ukuta, na beseni analiweka magotini.

Nimemjua mtu mmoja tu aliyeogopa uongo kuliko Mtafsiri, naye alikuwa mama yangu. Jambo hili lilitushangaza wengi. Tulipohamishiwa Louisville, familia moja baada ya nyingine, yeye alipata kazi kwenye ghala la kupanga vifurushi. Siku moja rafu iligongwa na mashine ya kubebea mizigo, hakuna aliyeona, na msimamizi alipouliza ni nani, Mtafsiri aliinua mkono. Shemasi wetu, Mkongomani wa upande wa Fizi aliyefanya kazi naye palepale, alimwambia wakati wa chakula, "Muzee, hakuna mutu aliona. Ungenyamaza tu." Mtafsiri akamjibu kwamba yeye ameona, na mtu mmoja anatosha.

Hata kutafsiri kwenyewe, kule kwa kawaida, alikukataa. Baada ya miaka michache Kiingereza chake cha kazini kilitosha, na mama yangu alipougua presha alimwomba amsindikize kwa daktari, kwa sababu mimi nilikuwa shuleni. Nilikuwepo sebuleni alipokataa.

"Mama, kwa daktari maneno ni ya daktari," alisema. "Mimi nikikosa neno huwa natunga. Hunitaki mimi kule."

Mama alicheka akamwambia amesikia. Nami nilicheka, nikidhani anatania. Alikuwa ametuambia ukweli mchana kweupe, mbele ya chai na karanga, na sikuuelewa.

Kule Louisville kanisa tulilokuwa tukisali lilitupa chumba cha chini, na Jumamosi alasiri, kwaya ikishamaliza mazoezi, Mtafsiri aliandaa mahali. Aligombana na mwalimu wa kwaya kila wiki kuhusu viti. Alichemsha chai mwenyewe kwenye sufuria kubwa, maziwa na tangawizi, na aliimimina mwenyewe, akipita kwa kila mtu. Alikataa kabisa kusaidiwa. Vikombe vilikuwa vya kila aina, vingine vimechorwa nembo za timu tusizozijua. Yule mama wa maandazi, ambaye naye aliletwa Louisville na binti yake, sasa aliyaleta bure kwenye sinia kubwa lililofunikwa kitambaa. Warundi walikuja, Wakongomani walikuja, watu waliotoka zamu ya asubuhi wakiwa bado na viatu vya kazini. Filamu zilikuwa mbalimbali, lakini mara moja kwa mwezi au zaidi ilirudi ile ya mgahawa wa chai.

Tena haikuwa ileile. Wale wazee wawili wa kwenye kona hawakuzungumzia tena ubao wa majina. Sasa mmoja alikuwa amepokea barua ya bima na haielewi, mwenzake anamshauri aiweke kabatini pamoja na zile nyingine. Mshenga alilalamika kwamba wasichana wa siku hizi wanamjibu kwa Kiingereza. Watu waliongea na runinga, Mtafsiri akawajibu kwa mdomo wa Wachina. Shemasi aliuliza kwa sauti, "Bon, donc huyu muzee atafanya namna gani sasa?" na Bwana Birika kwenye kioo akamgeukia, ilikuwa kama kweli anamgeukia, akasema, "Shemasi, ningejua ningekuwa nauza chai?"

Mwisho haukubadilika. Anakwenda kulala kidogo. Amechoka. Kesho asubuhi atachemsha maji.

Nilipata nafasi ya kusoma chuo kikuu katika mji wa Columbus. Nilikodi chumba katika nyumba ya mbao karibu na chuo, na chumba cha pili alikaa mtafiti kijana kutoka China aliyekuwa akisomea udongo, mtu mpole aliyepika kila Jumapili na kunilazimisha nile. Jumapili moja nilishuka nikamkuta anaangalia filamu kwenye kompyuta, na kwenye kioo yuko Bwana Birika.

Sijui kama naweza kueleza furaha yangu. Ilikuwa kama kukutana na baba mdogo katika mji wa ugenini. Nilimwambia naijua filamu hii tangu utotoni, nikakaa, nikaanza kumweleza kitakachofuata. Hapa wale wazee wanabishana kuhusu barua. Hapa mgambo anaomba maandazi. Mwenzangu alinitazama, akasimamisha filamu, akasema kwa upole kwamba hapana, sivyo. Akairudisha mwanzo, tukaiangalia yote na maandishi ya Kiingereza chini yake. Karibu hakuna neno la Mtafsiri lililokuwa la kweli. Na mwishoni, mwenye mgahawa alipoingia chumba cha ndani, niliona kitu ambacho utotoni sikukiona, au nilikiona nikapewa maneno yaliyokifunika. Mkononi ameshika mkanda.

"Anakwenda kulala?" nilimuuliza.

"Anakwenda kufa," alisema mwenzangu. Kisha akaniuliza jambo ambalo nimelikumbuka kwa kuchelewa mno. Aliuliza, "Hiyo filamu yako ya barua na maandazi, aliitunga nani? Ningependa sana kuiona."

Hakuwa akinidhihaki. Mimi nilisikia dhihaka. Nilipanda chumbani nikiwa nimeaibika, na aibu ile ya kwanza, ambayo haikuwa na sababu yoyote, ndiyo iliyonifikisha kwenye hii ya pili. Nilijiona mtoto wa kambini aliyedanganywa miaka yote na mzee mwenye tai. Wiki tatu niliacha kazi za darasani, nikaketi kutafsiri maandishi yote ya filamu ile kwa Kiswahili sanifu, mstari kwa mstari, nikimsumbua mwenzangu kwa kila neno gumu. Nilijiambia naandaa zawadi kwa watu wetu. Huo ulikuwa uongo, na nilijua. Zawadi mtu huipeleka kwanza kwa mwenye kazi. Mimi sikumpigia Mtafsiri simu.

Jumamosi niliyofika Louisville alikuwa ameshavaa tai. Chumba kilijaa, chai ilikuwa imeshamiminwa. Nilisimama mbele na karatasi zangu, nikawasalimu watu, nikasema nimeleta filamu wanayoipenda na kwamba safari hii tutasikia maneno ya kweli yaliyosemwa na wale Wachina, kwa sababu nimeyafanyia utafiti. Nililitumia neno hilo, utafiti.

Shemasi ndiye aliyejaribu kunizuia.

"Mutoto wangu, masomo ni muzuri," alisema. "Lakini leo ni samedi. Acha muzee afanye kazi yake. Siye tulikuya kumusikia yeye."

"Mtamsikia siku nyingine, Papa," nilimjibu. "Leo sikilizeni kilichoandikwa."

Mtafsiri alivuta kiti akakaa miongoni mwa watu, mikono mapajani.

Nilisoma karibu saa mbili. Nilisoma vizuri, nilikuwa nimefanya mazoezi. Mwanzoni watu walijaribu kuiongelesha runinga kama walivyozoea, lakini kwenye karatasi zangu hakukuwa na majibu, wakanyamaza. Niliuchukulia ukimya ule kuwa ni usikivu. Nilimwona mama wa maandazi kwenye mstari wa pili karibu na ukuta, kikombe mikononi, akitazama chini. Tulipokaribia mwisho aliinua uso akanitazama. Alinitazama mimi, hakuitazama filamu, na ule ulikuwa uso wa mtu anayeomba jambo. Ningeweza kuishia pale. Ningeweza kukohoa, kunywa maji, kuzima.

Filamu yenyewe, pale mwishoni, haisemi lolote. Mwenye mgahawa anaingia ndani bila neno. Mimi ndiye niliyesema. Niliweka karatasi chini, maana kwenye karatasi hakukuwa na kitu, nikawaeleza watu kwa maneno yangu: "Hapa haendi kulala. Hapa anakwenda kujinyonga. Ndivyo filamu inavyokwisha."

Mama wa maandazi aliweka kikombe sakafuni, akainuka, akatoka. Nilidhani amechoka. Nasema nilidhani, lakini sina hakika kama nilidhani chochote. Nilikuwa nikisubiri watu wapige makofi. Wachache walipiga, kwa adabu. Mtafsiri alikusanya vikombe akaviosha vyote, akavifuta kimoja kimoja. Alipopita karibu nami kwenda kwenye ngazi alisema, "Umefanya kazi kubwa," akaondoka. Lile sinia la maandazi lilibaki mezani na kitambaa chake, na sinia lile ndilo lililonifanya, nikiwa ndani ya basi la kurudi Columbus, nianze kuhisi kwamba kuna kitu nimekiharibu na sikijui.

Hakutafsiri tena. Alipoombwa alisema koo linamsumbua. Jumamosi mbili tatu watu walikuja wakakaa na chai, kisha wakaacha, kila mtu na simu yake nyumbani. Mwalimu wa kwaya akapata viti vyake. Mwaka uliofuata mama wa maandazi alimfuata binti yake aliyehamia Buffalo, na miezi michache baadaye tulisikia Mtafsiri naye amekwenda huko, kwa mpwa wake, anakaa Lackawanna, kando ya Buffalo. Watu walisema maneno yao kuhusu hilo. Mimi nilifurahi, na ni vibaya kukiri. Nilifurahi kwa sababu sasa nikienda Louisville kumwona mama yangu sikuwa na hatari ya kukutana naye.

Nilimaliza masomo, nikapata kazi palepale Columbus. Miaka sita ilipita. Mwezi wa pili mwaka huu binamu yangu alioa Buffalo, nikaendesha gari peke yangu, mwendo wa saa tano na ushee, na siku moja baada ya harusi, asubuhi, nilikwenda Lackawanna bila kumwarifu. Nilijua nikimwarifu nitapata sababu ya kutokwenda.

Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya sweta. Hakuwa na tai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenenepa," alisema, akanipisha.

Alichemsha chai. Majani sasa anayanunua kwenye duka la Wayemeni mtaani kwao, na alinieleza kwa kirefu kwa nini ni bora kuliko yale ya Louisville. Sukari hakutia, daktari amemkataza, na anamtii. Nilimwacha amalize habari za majani, kisha nikasema nilichokuja kusema. Nilisema nimekuja kumwomba radhi kwa kuwaonyesha watu wote kwamba hajui Kichina.

Akacheka, ule mcheko wake wa zamani.

"Mwanangu, na nani alidhani najua Kichina?"

Niliweka kikombe mezani.

"Shemasi alijua. Mama yako alijua. Hata jenereta lilijua. Mzee wa Kirundi, darasa la nne, ningejifunzia wapi Kichina? Walikuwa wanakuja kuona safari hii nimetunga nini."

"Mimi nilidhani unajua," nilisema.

"Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa na haki yako."

Miaka yote hiyo nimejidai kuwa mtu aliyefichua siri, na hakukuwa na siri. Nilimuuliza kama ni hivyo kwa nini aliacha. Aliinuka, akaenda kufunga vizuri mlango wa jikoni ambao ulikuwa umefungwa tayari, akarudi.

"Unamkumbuka mume wa yule mama? Wa maandazi."

"Aliyekufa kwa malaria."

"Haikuwa malaria."

Akanieleza. Majina yao yalikuwa ubaoni, wao ni wa kuondoka, wameshagawa vyombo kwa majirani. Wiki iliyofuata yakafutwa, na hakuna aliyewaambia kwa nini. Mume alikaa siku tatu bila kuongea. Siku ya nne, mchana, alimwambia mkewe anakwenda kulala kidogo, amechoka. Mtafsiri alikuwa jirani wa karibu. Ndiye aliyeitwa kumshusha.

"Ile filamu nilipoionyesha mara ya kwanza nilikuwa sijaiangalia mpaka mwisho," alisema. "Namwona yule mzee ameshika mkanda. Namwona na mama, yuko mlangoni na beseni, anaangalia. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Yakanitoka maneno ya mumewe, kama alivyoyasema. Sasa nitayaachaje pale? Nikaongeza ya kesho asubuhi." Alifuta meza kwa kiganja. "Jumapili iliyofuata aliingia ndani akakaa. Basi nikawa siyabadilishi."

"Na mimi nikasema," nilisema.

"Ulisema."

Nilimwomba msamaha tena. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilinuna tu. Unanijua, mimi hununa. Kama umekuja kuomba radhi umekuja nyumba isiyo yake. Yule anakaa kaskazini ya mji. Nitakuonyesha njia."

Tulipita mjini, theluji chafu imerundikwa kando za barabara, yeye akinielekeza vibaya na kukasirika nikikosea. Karibu na mtaa wa North Buffalo anakokaa binti wa yule mama nilianza kuogopa kweli. Nilimuuliza, "Mzee, nitamwambiaje?" Nilitumaini atasema yeye; miaka yote ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuwasemea watu.

"Sema mwenyewe," alisema. "Leo sitafsiri."

Yule mama alitufungulia, wajukuu wawili nyuma yake wakibishana kwa Kiingereza. Aliwaambia waende juu. Alinitambua mara moja, akaniuliza habari za mama yangu na presha yake, na harusi ilikuwaje. Nilijibu yote. Kisha nikamwambia. Sikusema vizuri. Nilirudia maneno, nikaanza sentensi nisizozimaliza, na Mtafsiri kando yangu aliangalia mikono yake na hakunisaidia hata kwa kukohoa.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua amejinyonga yule Mchina," alisema. "Mtu hachukui mkanda akaenda kulala. Nilijua tangu siku ile ya kwanza kule kambini." Alinyoosha kitambaa cha kiti kwa vidole. "Lakini kulikuwa na mtu anasimama mbele ya watu wote anasema kesho asubuhi atachemsha maji. Nilikuwa nakuja kumsikia mtu akisema hivyo. Basi."

Nilisema nisamehe, Mama, sikujua.

"Hukujua," alikubali. "Na ulisoma vizuri. Sauti yako haikutetemeka hata kidogo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa ushahidi, na ilikuwa kweli. Katika miaka sita ile kuna siku nilizokuwa nikijisifu moyoni kwa jambo hilohilo.

Kisha akasema tukae, tutakula. Alituletea wali na maharage, na samaki aliobakiza jana yake, na Mtafsiri akamlalamikia kuhusu chumvi, naye akamwambia chumvi imekatazwa kwake kama sukari. Nilikula nilichopewa. Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono, akaniambia niendeshe polepole kwa sababu barabara ina barafu mpaka uvuke mji wa Erie. Hakusema kama amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza.